i7 inaweza kushindwa na i5: soma hii kabla ya kutoa dola zako kwa mashini



Juma lililopita mdogo wetu mmoja wa agronomia, yuko anamaliza lisansi, aliniandikia usiku hivi: "Yaya, mama alishauzisha mahindi. Niko na dola 220. Kuko mashini mbili za okazioni, bei ni moja. Moja ni i7, ingine ni i5. Nikamate i7, si vile?"

Nilimuuliza: "i7 gani? i5 gani?" Akanijibu: "i7 tu, yaya. Kibandiko kinasema i7."

Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka. Juu hilo jibu njo nilitoa mimi pia, siku niliponunua mashini yangu ya kwanza. Muuzaji aliniambia: "Enjenyeri, i7 ni i7. Iko ya juu." Nikalipa. Na mashini ile ndiyo iliyonifanya nisidepoze kazi yangu kwa sesyo ya kwanza. Nitaeleza chini namna ilivyokuwa.

Leo nataka tulinganishe prosesa mbili ambazo ziko nyingi sana kwa mashini za okazioni tunazonunua hapa Lubumbashi: Intel Core i7-7500U na Intel Core i5-8250U. Ukielewa hizi mbili vizuri, utaweza kupima mashini yoyote wewe mwenyewe, bila kungojea muuzaji akuambie.

1. Jina la prosesa linasomwa namna gani

Wengi tunasoma herufi na namba ya kwanza tu: i3, i5, i7. Tunafikiri ni kama madarasa ya shule, wa darasa la saba anajua zaidi kuliko wa darasa la tano. Lakini ile i7 inakuambia kitu kimoja tu: katika familia yake, mwaka ule, Intel iliiweka juu ya i5 za mwaka uleule. Haikuambii kama iko juu ya i5 ya mwaka unaofuata.

Angalia jina zima: i7-7500U. Namba ya kwanza baada ya kistari ni 7. Hiyo ni kizazi cha saba. Namba tatu zinazofuata, 500, zinaonyesha daraja ndani ya kizazi hicho. Herufi ya mwisho, U, inaonyesha kwamba ni prosesa ya mashini nyembamba, iliyotengenezwa kutumia umeme kidogo.

Sasa i5-8250U: kizazi cha nane, daraja 250, herufi U. Ilitoka mwaka 2017. i7-7500U ilitoka mwaka 2016. Mwaka mmoja tu kati yao, lakini mwaka ule njo kila kitu kilibadilika.

(Kuanzia kizazi cha kumi namba ya kizazi inakuwa na tarakimu mbili. i5-10210U ni kizazi cha 10, si kizazi cha 1. Musichanganye.)

Na kama bado unaamini kwamba "i7 ni i7", sikia hii. Ndani ya kizazi cha saba peke yake kulikuwa na i7-7Y75 ya wati 4.5, kulikuwa na i7-7500U ya wati 15, na kulikuwa na i7-7700HQ ya wati 45. Zote tatu zinaitwa i7. Ya kwanza na ya pili ziko na viini viwili tu, ya tatu iko na viini vinne. Ni kama mtu akuambie "nilinunua gari" bila kusema kama ni taksi ndogo ao ni lori.

2. Ndani kuko nini

Kiini ni sehemu ya prosesa inayofanya hesabu. Kwa Kifaransa tunaita "moyo" wa prosesa. Kila kiini katika hizi mbili kinaweza kushika nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja. Kasi yake inapimwa kwa gigahezi. Kuko kasi ya msingi, ile Intel inayoahidi kwa kazi nzito na ya muda mrefu, na kuko kasi ya juu, ambayo prosesa inaifikia inapokuwa na nafasi: joto likiwa chini na umeme ukitosha.

i7-7500U iko hivi: viini 2, nyuzi 4, kasi ya msingi gigahezi 2.7, kasi ya juu 3.5, akiba ya ndani ya megabaiti 4, wati 15.

i5-8250U iko hivi: viini 4, nyuzi 8, kasi ya msingi gigahezi 1.6, kasi ya juu 3.4, akiba ya ndani ya megabaiti 6, wati 15.

Soma tena hiyo mistari miwili taratibu. i5 iko na viini mara mbili. Kasi ya juu ni karibu sawa: 3.5 na 3.4, tofauti ya asilimia 3 hivi, mkono na jicho havitaiona. Na wati ni zilezile 15.

Sababu ni nini? Kwa miaka mingi, prosesa za U, ikiwa i5 ao i7, zilikuwa na viini viwili tu. Hata i5-7200U, ndugu mdogo wa i7-7500U, iko na viini 2 na nyuzi 4 sawa nayo. Tofauti yao ni kasi na akiba kidogo tu. Kwa hiyo wakati ule, kulipia i7 badala ya i5 kwa mashini nyembamba kulikuwa ni kulipia kitu kidogo sana. Mwaka 2017 AMD ilitoa Ryzen, ushindani ukawa mkali, na kwa kizazi cha nane Intel ikaweka viini vinne kwa prosesa za wati 15. Intel yenyewe ilitangaza kwamba kizazi hicho kinaweza kupita cha saba hadi asilimia 40.

3. Lakini 1.6 ni ndogo kuliko 2.7, sivyo?

Swali hili wananiuliza sana. Na muuzaji akitaka kuuzisha i7 yake, hapo njo atakushikia: "Angalia, hii ni 2.7, ile ni 1.6 tu."

Sisi watu wa agronomia tuko na jibu zuri, juu tulilisoma kwa mashamba. Tuseme uko na mfuko mmoja wa mbolea na vipande vinne vya shamba la mahindi, udongo wetu huu mwekundu uliochoka. Unaweza kumwaga mfuko wote kwa vipande viwili na kuacha viwili vingine bila kulima. Ao unaweza kuugawa kwa vyote vinne. Utavuna zaidi wapi? Kila mutu aliyefanya majaribio ya mbolea anajua: kilo za kwanza zinaongeza mavuno sana, kilo zinazofuata zinaongeza kidogo, na za mwisho zinaongeza karibu bure. Ndiyo sheria ya mavuno yanayopungua. Ukigawa kwa vipande vinne, kila kipande kitazaa kidogo kuliko kile kilichopata nusu mfuko, lakini ukijumlisha vyote vinne unapita.

Prosesa iko vilevile. Mfuko wa mbolea ni zile wati 15. Ili kiini kikimbie haraka zaidi, hakitoshi kuongezewa kasi. Kinahitaji pia volti za juu zaidi. Na matumizi ya umeme yanakua pamoja na kasi, halafu tena pamoja na volti ikizidishwa kwa yenyewe. Maana yake, kupandisha kasi kwa asilimia 20 kunakula umeme kuliko asilimia 20. Gigahezi za mwisho njo za bei kali, kama kilo za mwisho za mbolea.

Basi i7-7500U inatia wati zake 15 kwa viini viwili na kuvikimbiza sana. i5-8250U inatia wati zilezile 15 kwa viini vinne na kuvitembeza polepole kidogo. Jumla ya kazi inakuwa kubwa upande wa i5. Na ile 1.6 ni ahadi ya chini tu. Kama kazi inahitaji kiini kimoja, i5 inakipandisha hadi 3.4, juu vingine vitatu vimelala na vimemwachia mbolea yote.

4. Kwa vipimo

Kuko programu inaitwa Cinebench R15, inachora picha moja ngumu na kutoa pointi. Imetumika sana kwa prosesa za miaka ile, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kulinganisha hizi mbili.

Kwa kiini kimoja, zote mbili zinapata karibu 140 hadi 150. Sare.

Kwa viini vyote, i7-7500U inapata kwa kawaida kati ya 300 na 360. i5-8250U inapata kati ya 450 na 700. Umeona nafasi kubwa kati ya 450 na 700? Hiyo ni juu ya mashini yenyewe: feni yake, vumbi lililoko ndani, na namna mtengenezaji alivyopanga. Kuko mashini zinazoruhusu prosesa ipite wati 15 kwa muda mfupi, na kuko zingine zinazoibana. Lakini hata i5-8250U iliyobanwa inaacha i7-7500U nyuma.

Picha ya kuchora, ambayo hizi mashini zinaitumia kwa sinema na skrini, iko karibu ileile kwa zote mbili: HD 620 kwa i7, UHD 620 kwa i5. Kwa michezo mizito, hakuna moja itakayokusaidia.

5. Kwa kazi zetu, tofauti inaonekana wapi?

Hapa lazima tuseme ukweli, tusifanye sawa wale wanaosema i5 ni muujiza.

Ukiandika kazi yako kwa Word, ukifungua PDF, ukituma barua pepe, hutaona tofauti. Prosesa zote mbili zinalala karibu muda wote, zikingojea kidole chako.

Ukifanya jedwali la Excel la vipande 48 vya jaribio, hutaona tofauti.

Ukifanya anova kwa R, hutaona tofauti pia. R ya kawaida inatumia kiini kimoja tu. Ukiwa na viini vinne, vitatu vitakuwa vinatazama.

Tofauti inaanza pale kazi inapoweza kugawanywa. Kuunganisha picha mia mbili za droni ili zitoe ramani moja ya shamba. Kurudia hesabu mara elfu kwa sampuli tofauti. Kupanda "msitu" wa miti ya maamuzi kwa picha za satelaiti za Sentinel-2 ili kutenga mahindi, mihogo na pori. Kugeuza video ya mahojiano. Ao hali ya kawaida kabisa ya sisi wote: kuwa na madirisha 20 ya intaneti wazi, Word wazi, antivirusi inakagua, na simu ya video na mwalimu anayekuongoza. Hapo viini vinne vinapumua, viwili vinasonga.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa ya ile ya "msitu" na satelaiti. Nilikuwa na i7-7500U. Mwenzangu, tuliokuwa tunakaa naye Kasapa, alikuwa na i5-8250U aliyoinunua bei ndogo kuliko yangu. Nilikuwa namcheka kidogo, nasema kwa roho, "maskini, i5". Juma la mwisho kabla ya kudepoza, delestaji ilikuwa mbaya. Umeme unakuja saa tano za usiku, unaenda saa nane. Nilikuwa naanzisha hesabu umeme ukija, na kila mara umeme unaenda kabla haijaisha. Batri inashika kidogo, halafu mashini inazima, na hesabu inaanza tena kwa sifuri. Siku tatu hivyo. Mwenzangu alichukua data zilezile na maandishi yaleyale ya R, akaanzisha kwa mashini yake, na ikaisha umeme ukiwa bado uko.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Matokeo nilikuwa nayo Jumamosi, mwisho wa kudepoza ulikuwa Ijumaa. Nikaenda sesyo ya pili. Miezi mingine ya kulipa chumba, miezi mingine ya kueleza nyumbani juu ya nini bado. Sisemi prosesa njo ilikuwa kosa lote; ningekuwa nimeanza mapema, na ningekuwa nimeandika maandishi yangu yaweke akiba ya matokeo katikati. Lakini ingekuwa i5 ile, ningepita.

6. Ufanisi: hapa njo kwetu kuko shida ya kweli

Watu wa Ulaya wanaweza kulinganisha prosesa kwa sekunde tu, juu umeme uko ukutani siku zote. Sisi tunahesabu wati-saa. Delestaji ya SNEL ikifika, unabaki na kile kilichoko kwa batri, na kama uko na paneli ya jua, na kile jua lilichotoa mchana.

Tufanye hesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano, ili uone njia.

Tuseme batri ikiwa mpya ilishika wati-saa 50. Mashini ni ya okazioni, batri imechoka, imebaki asilimia 60. Uko na wati-saa 30.

Tuseme mashini nzima, pamoja na skrini, inakula wati 25 ikiwa kwa kazi nzito, na wati 8 unapoandika tu. Tuseme ni sawa kwa zote mbili.

Uko na hesabu ambayo i7 inaimaliza kwa saa moja. Imekula wati-saa 25. Umebaki na 5. Ukiandika kwa wati 8, unabaki na dakika 37 tu, halafu giza.

i5, tukichukua pointi 550 dhidi ya 330, inamaliza hesabu ileile kwa dakika 36. Imekula wati-saa 15. Umebaki na 15. Unaweza kuandika saa 1 na dakika 52.

Batri ileile, wati zilezile, kazi ileile. Tofauti ni zaidi ya saa moja ya kuandika. Ndiyo maana ya ufanisi: si mashini inayokula kidogo kila sekunde, ni mashini inayomaliza kazi ikiwa imekula kidogo kwa jumla. Mfanyakazi anayekula sahani moja na kumaliza shamba saa sita mchana ni bora kuliko yule anayekula sahani ileile kila saa hadi jioni.

Lakini musikie na upande mwingine. Kama kazi yako ni kuandika tu, prosesa haitakupa saa za ziada. Kwa kuandika, anayekula sana ni skrini. Punguza mwangaza, zima Bluetooth, funga madirisha ya intaneti usiyoyasoma. Hayo yatakupa dakika nyingi kuliko kubadilisha i7 kwa i5. Na batri nzuri kwa i7 itashinda batri iliyokufa kwa i5.

7. Kitu kingine: Windows

Kuko tofauti ingine ambayo muuzaji hatakuambia. Microsoft ilimaliza kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi prosesa kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. i5-8250U imo kwenye orodha. i7-7500U haimo.

Wauzaji wengi wanaweka Windows 11 kwa nguvu kwenye mashini za kizazi cha saba. Inafanya kazi, ndiyo. Lakini Microsoft haikuahidi kwamba itaendelea kupata masahihisho ya usalama. Kama uko nayo tayari, usiitupe. Weka Linux, kwa mfano Ubuntu ao Mint. R na QGIS zinaenda vizuri sana juu yake, LibreOffice pia. Lakini kama bado uko na dola mkononi na bei ni moja, kwa nini ununue ile ambayo mlango wake umeshafungwa?

8. Kabla ya kulipa, fanya haya

Usisome kibandiko. Kibandiko kinanunuliwa, na kinaweza kuhamishwa kutoka mashini moja hadi ingine. Omba mashini iwashwe, halafu:

Kwanza, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Fungua ukurasa wa utendaji, chagua CPU. Utaona jina zima la prosesa, na chini utaona idadi ya viini na nyuzi. Andika.

Pili, ukiwa palepale, angalia RAM. Gigabaiti 4 hazitoshi tena, hata kwa prosesa nzuri. Gigabaiti 8 ni mwanzo. Angalia pia kama nafasi mbili za RAM zimejazwa. Vipande viwili vya 4 vinafanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha 8, hasa kwa picha.

Tatu, angalia kama diski ni SSD. Mashini yenye i5-8250U na diski ya zamani ya kuzunguka itakuudhi kila siku, na utasema niliwadanganya.

Nne, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Mashini itatengeneza ripoti. Tafuta mistari miwili: kiasi batri ilichoundwa kushika, na kiasi inachoshika sasa ikijaa. Gawa cha pili kwa cha kwanza. Chini ya nusu, hesabu bei ya batri mpya kabla ya kukubali.

Tano, iache ifanye kazi nzito dakika kumi, hata video kadhaa kwa mara moja. Weka mkono karibu na feni. Hewa ya moto itoke kwa nguvu. Kama mashini iko moto na hewa haitoki, ndani kuko vumbi ao mafuta ya kupozea yamekauka. Prosesa nzuri ndani ya mashini inayosonga inashuka kasi, sawa vile muhindi mzuri kwa udongo uliofungwa na maji.

Kama muuzaji anakataa usifanye hayo, toka. Butiki haziishi Lubumbashi.

Ili kukusaidia kutambua kwa macho: kwa HP, EliteBook 840 G4 ni ya kizazi cha saba, 840 G5 inapatikana na kizazi cha nane. Kwa Lenovo, ThinkPad T470 na T480 vilevile. Kwa nje zinafanana sana, muuzaji anaziweka meza moja na bei moja. Lakini hakikisha kwa Ctrl, Shift, Esc, juu hata ndani ya jina moja la mashini kuko prosesa mbalimbali.

9. Basi nani achukue nini?

Kama bei ni moja na hali ni moja: i5-8250U, bila kufikiri mara mbili.

Kama i7-7500U iko chini ya bei kabisa, iko na SSD, RAM 8 na batri yenye afya, na wewe unaandika tu: ichukue, weka Linux, na ile pesa iliyobaki nunua diski ya nje ya kuweka nakala za kazi yako. Si mashini mbaya. Ni mashini ya viini viwili iliyovaa jina kubwa.

Kama unafanya ramani, droni ao hesabu nyingi: usishuke chini ya viini vinne, hata muuzaji akikuapia kwa jina la mama yake.

Yule mdogo wetu nilimtumia haya yote usiku uleule, kwa sauti, dakika saba. Kesho yake alirudi butiki na karatasi. Ile "i7" ilikuwa i7-7500U, nilivyofikiri. Ile "i5" ilikuwa i5-8250U, lakini batri yake ilikuwa imebaki asilimia 41. Hakulipa dola 220. Aliomba wapunguze bei ya batri, wakabishana hadi muuzaji akakubali 190. Dola 30 ziko pembeni, anatafuta batri.

Aliniandikia neno moja tu: "Yaya, muuzaji aliniuliza kama nasoma informatike. Nikamwambia hapana, niko agro."

Mahindi ya mama hayakwenda bure. Yako pia yasiende.